Ujumbe Kutoka Mtandao wa Mazoezi

Jumatatu, 3 Machi

Mdogo wangu,

Nakuandikia nikiwa dukani, na mteja ana povu kidevuni ananisubiri, kwa hiyo nitasema kwa kifupi halafu nitarefusha kama kawaida yangu. Simu nimekupigia tangu asubuhi haipatikani. Najua, uko huko chini kwenye chumba chenu cha seva, simu mmezifungia kabatini, na kinachokufikia ni barua pepe tu. Na nikiwa nyumbani kupiga siwezi, maana Mama anasikia hata kupitia ukuta. Akisikia neno "moyo" siku hiyo hali.

Jana jirani yetu wa duka la vitambaa alipita hapo hospitalini kwenu kumwona Mzee. Amekuja kunieleza kwamba amekonda, sahani ya chakula iko pembeni haijaguswa, na alipomuuliza kama binti yake amefika, Mzee akajibu, "Yuko kazini." Yuko kazini, Bi Waya. Jengo hilohilo, yeye ghorofa ya tatu na wewe chini kabisa, halafu mtu wa kutoka huku ndiye anayeniambia kuwa baba yetu hali.

Sisemi hufanyi kitu. Bila ajira yako Mzee asingepata nafasi ya kupasuliwa moyo hapo. Wanamhudumia kwa sababu ni baba wa mfanyakazi wao, na hilo namkumbusha Mama kila siku. Lakini mtu hashibi kwa nafasi. Ukifika kwenye mstari huu, inuka. Usiniambie "ngoja nimalizie hiki", maana nakufahamu, hicho chako hakiishagi. Inuka sasa hivi, panda juu, umlishe.

Mteja ameanza kukohoa. Acha nimnyoe kabla povu halijakauka.

Kaka yako,
Kinyozi


Jumanne, 4 Machi

Kaka,

Barua yako ilinikuta katikati ya kazi na, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, nimekutii. Niliinuka hapohapo. Nilipita kwenye korido mbiombio mpaka mlinzi akaniuliza kama kuna moto.

Mzee hajashindwa kula, amegoma. Wamemkataza chumvi, naye amesema chakula kisicho na chumvi wampe anayekipika. Nilimkuta anabishana na muuguzi mmoja, mama wa makamo, ambaye asubuhi anahudumia wodi yao na mchana anawafundisha wauguzi wapya. Wote wanamwita Mwalimu. Mzee anasema ni askari aliyekosea sare, lakini akichelewa kuja anamuulizia. Basi mimi nikashika kijiko, Mwalimu akashika sahani, tukamlisha huku anatutukana taratibu, akamaliza sahani nzima. Nilikaa naye mpaka akasinzia, nikaenda zangu nyumbani. Tarehe ya upasuaji imetoka: 18 Machi. Daktari ameonya jambo moja tu, asishtuliwe.

Unauliza kila siku nafanya nini huko chini. Nikueleze, usije ukawaambia wateja wako kwamba nauza waya. Hospitali ina yenyewe kile watu wa kompyuta tunachokiita wingu. Si la kukodi nje, ni letu, seva zote, zile kompyuta kubwa, zimo humu. Ndani ya hizo seva tunaunda mashine nyingi zisizo na mwili, na kila kundi la mashine tunaliundia mtandao wake, nao hauna mwili. Mtandao ni wa namna mbili. Kuna uliotengwa: mashine zilizomo zinaongea zenyewe kwa zenyewe, nje hazifiki, chumba kisicho na mlango. Na kuna wenye njia: huo umefungwa kwenye rauta, na kupitia rauta unafika kwenye mitandao mingine, mpaka kwenye mtambo unaotuma ujumbe kwenye simu za ndugu wa wagonjwa.

Sasa Mwalimu ameomba mahali pa kuwafundishia watu wake ule mfumo wa kusajili wagonjwa: kupokea, kuhamisha wodi, kuruhusu, kusajili kifo. Wanataka wafanyie mazoezi kwenye nakala ya mfumo wenyewe, na wagonjwa wake wote wakiwemo. Ndiyo maana nakala hiyo inakaa kwenye mtandao uliotengwa, wabonyeze watakavyo, hakitoki kitu. Huo ndio niliokuwa nauunda ulipoingia na ukali wako. Nimekwisha kumwambia aanze wiki ijayo.

Mpe Mama salamu. Mwambie Mzee ni mzima kiasi cha kutukana.

Mdogo wako,
Bi Waya


Jumatatu, 10 Machi

Mdogo wangu,

Sijui nianzie wapi. Nimemwambia mteja aondoke na nusu ya kichwa.

Umeshindwa kuniambia wewe mwenyewe? Ningepokea kwako hata kwa neno moja. Nimeletewa na mashine. Simu imelia mfukoni, nikafungua nikijua ni matangazo, kumbe ni hospitali yenu: "Tunasikitika kukujulisha kuwa mgonjwa wako amefariki dunia. Tafadhali fika hospitalini na kitambulisho." Jina lake limo. Namba ya kitanda imo. Nimesoma, nikasoma tena, nikaona kama naangalia maandishi ya lugha nisiyoijua.

Nimekimbia nyumbani. Nilitaka nifike kabla Mama hajasikia, lakini na yeye ni ndugu aliyeandikishwa, ujumbe umemfikia pia. Nimemkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, simu mapajani, macho makavu. Ameniuliza, "Mdogo wako yuko na nani kule?" Hilo tu. Hajauliza lingine. Mke wangu amekaa naye, mimi nimerudi dukani kukuandikia kwa sababu simu yako haipatikani, na ya wodini inaita tu.

Jana ulisema anaendelea vizuri. Wiki nzima ulikuwa unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa? Nijibu. Nataka kujua amekufa saa ngapi na kama ulikuwepo.

Kaka yako


Jumatatu, 10 Machi

Kaka,

Baba yu hai.

Nimeandika hilo kwanza ulione kabla ya lolote. Yu hai, nimekaa kwenye stuli kando yake, mkono wangu mmoja uko kwenye mkono wake na mwingine unachapa hii; kupiga siwezi, atasikia. Anapumua, ana joto, anauliza kwa nini nimekuja mchana nikiwa na uso wa mtu aliyefukuzwa kazi. Nimemwambia nimemkumbuka tu. Hakuniamini.

Niliposoma barua yako nilinyakua simu kabatini. Nilipanda ghorofa tatu bila kuhisi miguu, nikijiambia labda amekufa na mimi ndiye sijaambiwa. Nikafungua pazia, nikamkuta anakunywa chai. Nimelazimika kurudi nyuma ya pazia nikashika ukuta.

Kaka, si ninyi peke yenu. Huku mapokezi kumekuwa uwanja wa vilio. Watu wanaingia na vitambulisho mkononi, wanalia, na wagonjwa wao wako vitandani wanawashangaa. Baba mmoja amekuja na jeneza kwenye gari kumchukua mwanawe aliyevunjika mkono tu. Mtoto mwenyewe alikuwa dirishani, akampungia baba yake. Yule baba amekaa chini palepale kwenye lami, hajainuka mpaka walipomwinua.

Kuna mtu amefanya hili, na nitamjua. Lakini sasa hivi kimbia nyumbani, mwambie Mama. Mwambie mimi nimemshika mkono.

Mdogo wako


Jumanne, 11 Machi

Mdogo wangu,

Nilikimbia. Mama hayupo.

Mke wangu aliingia jikoni kumchemshia maji, aliporudi kitanda kitupu. Simu ameiacha juu ya mto, imezimwa. Tumetafuta kwa majirani, kwa mama mdogo, mpaka zahanati. Hayupo popote. Jioni mke wangu ndiye aliyefungua kabati, akaniita. Suti ya Mzee haipo. Ile ya bluu, ya harusi yako. Na pasi ilikuwa bado ya moto mezani, hakuichomoa.

Nimekaa chini, mdogo wangu. Nimeelewa alikokwenda. Amekwenda kumvalisha.

Nimefika kituoni, mkata tiketi amesema ni kweli, bibi mmoja mwenye mfuko wa nguo alipanda basi la huko kwenu, hakuongea na mtu. Umri ule, presha ile, peke yake, na ameamini kabisa kuwa anakwenda kuzika. Akifika asipokukuta wewe kwanza sijui itakuwaje. Nakuomba usishuke kwenye hicho chumba chako leo. Simama mlangoni.

Kaka yako


Jumatano, 12 Machi

Kaka,

Ninaye. Tulia, kaa, soma.

Basi lake liliharibika likalala njiani; leo nilisimama tena lango kuu tangu asubuhi, na hilo ndilo kosa, maana hakupita hapo. Alimuuliza dereva wa basi maiti zinawekwa upande gani, akamshushia lango la nyuma. Mhudumu wa chumba cha maiti ndiye aliyepiga simu mapokezi, nao wakaniita: kuna bibi hapa anadai mume wake, jina silioni, na hataki kuondoka.

Nilimkuta amekaa kwenye benchi, mfuko wa suti umelazwa mapajani usikunjike. Yule mhudumu, maskini, alikuwa ameangalia mara mbili, na Mama alikuwa anamwambia kwa upole kabisa, "Baba, kama mmempoteza niambieni, sitafanya fujo." Nilipiga magoti mbele yake nikamwambia Baba yuko hai, yuko juu. Akanishika shavu. Akasema, "Mwanangu, umeshtuka. Lia kwanza." Kaka, hakuniamini. Alinifuata kwa kunionea huruma tu, ananishika mkono kwenye ngazi kama vile mimi ndiye mgonjwa.

Tulipofika pazia likiwa wazi, Mzee akageuka. Mama akasimama. Sijawahi kuona uso wa mtu ukipita mahali ulipopita uso wake. Mzee akaangalia ule mfuko, akauliza, "Suti ya nini tena?" Nilifikiri yote yataharibika hapo, maana daktari alishasema asishtuliwe. Mama akautundika mfuko kwenye msumari nyuma ya mlango, akajibu, "Ya kutokea. Au ulitaka utoke hapa na pajama?" Kisha akaomba aonyeshwe choo, na huko akalia mpaka nikaogopa.

Baadaye ananiambia, "Njia nzima nimemlilia, nimemsamehe yote, hata lile la lori aliloliuza bila kuniambia. Sasa amekaa pale ananywa chai, itabidi nianze kumkasirikia upya." Anacheka na machozi yanatoka hapohapo.

Na la pili. Jana niliitwa mbele ya Mganga Mkuu na bosi wangu. Jumbe zote zilitoka wakati wa darasa la Mwalimu, siku ambayo wauguzi wapya walikuwa wanajifunza kusajili kifo. Waliniuliza kama zinaweza kuwa zimetoka kwenye mtandao wa mazoezi. Niliwaonyesha orodha ya mitandao: "Mazoezi, umetengwa." Imeandikwa hapo. Hakina mlango kile chumba. Kwa hiyo iliyobaki ni moja, kwamba Mwalimu aliwafungulia wanafunzi mfumo wa kweli badala ya nakala. Anakana, anasema alifungua kile alichopewa. Amesimamishwa kazi tangu jana. Nilikuwa nampenda yule mama, lakini baba yule kwenye lami hanitoki machoni.

Mdogo wako,
Bi Waya


Alhamisi, 13 Machi

Mdogo wangu,

Nimelala kwa mara ya kwanza. Mke wangu anasema nimekoroma mpaka paka akahama.

Mwambie Mama nimesikia habari ya kuanza kumkasirikia upya, na kwamba ile ya lori hata mimi sijasamehe. Mwambie akae hukohuko mpaka baada ya tarehe 18, nguo nitamtumia.

Na huyo Mwalimu wenu, namwombea asipite kwenye mtaa wangu. Nitamnyoa bila maji. Amemtia mama yangu kwenye basi na nguo za maiti, halafu anakana. Huku dukani kila mteja nimemsimulia, na wote wamesema kufukuzwa ni kidogo. Mtu mzima, mwalimu wa watu, anashindwa kutofautisha mazoezi na kweli. Alimlisha Mzee kwa mkono wake, kisha akamwua kwa kidole.

Sina huruma naye hata chembe. Usije ukamtetea.

Kaka yako,
Kinyozi


Ijumaa, 14 Machi

Kaka,

Soma hii ukiwa peke yako. Usimsomee mteja.

Leo bosi ameniambia niubomoe mtandao wa mazoezi, hautakiwi tena. Nimezima mashine zake, nimechagua mtandao, nimebonyeza kufuta. Mfumo umekataa. Umeniandikia kwamba mtandao huu hauwezi kufutwa kwa sababu bado umeunganishwa na rauta.

Nimesoma maneno hayo mara tatu. Mtandao uliotengwa hauna rauta. Ndiyo maana yake. Nikafungua mipangilio yake, si orodha, ile ya ndani kabisa, ambayo Jumanne sikuifungua. Mtandao ule una njia. Umefungwa kwenye rauta ileile ya mfumo wa kweli, unaufikia mtambo wa ujumbe bila kizuizi chochote. Hicho chumba kilikuwa na mlango, na mlango ulikuwa wazi muda wote.

Nikueleze imekuwaje, maana hakuna mwingine wa kumlaumu. Sisi hapa mtandao mpya tunauanzisha ukiwa na njia hata kama mwisho wake ni kutengwa, ili mashine zivute programu zake kutoka nje. Zikishavuta, unaukata na rauta. Na jina tunaliandika mwanzoni kabisa, jina la vile utakavyokuwa. Niliandika "Mazoezi, umetengwa" kabla sijautenga. Kisha niliinuka kidogo mezani nikiwa na kazi nyingine, na nilipokaa tena siku ya pili niliona jina, nikajua nimemaliza. Kila aliyepita akaona jina. Mbele ya Mganga Mkuu na mimi nikasoma jina nililoliandika mwenyewe kama ushahidi.

Mwalimu alifungua nakala. Alifanya sawasawa na nilivyomwambia. Wanafunzi wake wakasajili vifo vya mazoezi, na mimi ndiye niliyevipeleka kwenye simu za watu. Mimi ndiye niliyempandisha Mama kwenye basi. Na Mwalimu amekaa kwao kwa sababu ya neno langu.

Nimeukata na rauta sasa. Hakuna aliyeniona. Nikisema, kazi sina, na Mzee ni mgonjwa wa hapa kwa sababu ya kazi yangu. Upasuaji ni Jumanne. Sijui nifanye nini, Kaka, na mikono yangu siitambui.

Mdogo wako


Ijumaa, 14 Machi

Mdogo wangu,

Nimefunga duka. Nimesoma barua yako nimesimama nyuma ya pazia mahali ninapowekea taulo.

Sikutukani. Nimejaribu, maneno hayaji. Siku mbili hizi nimemtukana mtu kwa jina la kazi yake mbele ya mtaa mzima, kumbe ni wewe. Nimebaki nimejiangalia kwenye vioo vyangu vyote, na kila kioo kina mjinga mmoja.

Nisikilize sasa, na nisikilize kama kaka yako. Funga mdomo mpaka Mzee ashonwe. Jumanne si mbali. Akishatoka chumba cha upasuaji, nenda ukaseme yote, nitakuja mwenyewe nikusindikize, hata kwa Mwalimu nitakwenda nimpigie magoti. Lakini kabla ya Jumanne usifungue kinywa. Yeye amesimamishwa tu, hafi. Baba anaweza kufa. Na Mama usimwambie, ameshabeba ya kumtosha.

Najua ninachokuomba si kizuri. Nakuomba hivyohivyo.

Kaka yako


Jumatatu, 17 Machi

Kaka,

Utanikasirikia. Soma mpaka mwisho.

Jana Mwalimu alikuja wodini akiwa na nguo za nyumbani. Alikuja kumtakia Mzee heri ya upasuaji. Mzee akamuuliza sare iko wapi, akajibu amechukua likizo kidogo. Hata yeye amemlinda asishtuke, unaona? Akamwekea mto vizuri, akamkumbusha asimfokee daktari wa usingizi. Mama alikuwa kwenye kiti anamtazama bila kupepesa macho. Alijua kutoka kwangu kuwa huyu ndiye.

Mwalimu alipotoka Mama akamfuata koridoni, na mimi nikamfuata Mama. Hakupaza sauti. Alimwambia, "Nilimpigia pasi nguo ya kuzikwa kwa mikono yangu hii. Nataka uiangalie." Akamnyooshea mikono. Kaka, yule mama aliiangalia. Hakujitetea. Alisema tu, "Mama, niliambiwa hicho ni chumba cha mazoezi, hakitoki kitu. Niliamini. Pole." Na hakunitazama mimi. Angeweza kunitazama, na hakufanya hivyo.

Hapo ndipo niliposhindwa. Nikasema, "Mama, ni mimi. Mlango niliuacha mimi." Mwalimu akafumba macho. Mama akauliza, "Nani mwingine anajua?" Nikajibu, "Kaka." "Amekwambia ufanye nini?" Nikaangalia viatu vyangu. Akaitikia kwa kichwa, akasema, "Ndiyo. Amemwogopea baba yake." Kisha akanishika kiganja kama alivyokuwa akinipeleka shule, akamshika na Mwalimu mkono wa pili, akasema, "Mtuonyeshe ofisi ya mkubwa wenu." Nilimwambia Mama, Baba atakosa nafasi. Akasema, "Nimeshamlilia mara moja. Siwezi kumnunulia pumzi kwa mgongo wa huyu."

Ilikuwa Jumapili, Mganga Mkuu alikuwa zamu. Nimesema yote, nikaonyesha na kumbukumbu ya mipangilio, jinsi ilivyokuwa kabla sijaukata. Bosi wangu aliitwa kutoka nyumbani, alikuja na viatu visivyofanana. Mwalimu amerudishwa kazini leo, na tangazo limebandikwa mapokezi. Mimi nimekabidhi kadi ya mlango, na barua ya kuachishwa nimeshapewa. Nilipouliza habari ya Mzee, Mganga Mkuu alivua miwani akasema hawezi kujibu peke yake, tutaambiwa kesho asubuhi kama jina lake bado limo kwenye orodha.

Sijui, Kaka. Nikikuandikia tena nitakuwa najua.

Mdogo wako


Jumanne, 18 Machi

Mdogo wangu,

Sijakasirika. Nilitaka, nikamfikiria Mama na ile mikono yake, hasira ikaniacha nimesimama.

Simu yangu imelia sasa hivi. Hospitali yenu. Nimeiweka mezani kifudifudi dakika nyingi nikiiogopa kama nyoka, mteja ndiye aliyeigeuza akanisomea: "Mgonjwa wako ametoka chumba cha upasuaji. Anaendelea vizuri." Jina lake limo. Namba ya kitanda imo. Ni maandishi yaleyale, herufi zilezile za siku ile. Mteja amenipa mkono wa pongezi. Siamini. Mara ya kwanza niliamini nikalia bure, sasa naogopa kufurahi bure. Simu yako inaita haipokelewi. Kwa hiyo walimkubali? Wamempasua? Niandikie wewe. Mashine imeshaniambia, nataka mtu aniambie.

Na kuna jambo lingine. Nilipokuwa nasubiri nimesoma barua zetu zote tangu mwanzo. Umesema uliinuka kidogo mezani ukiwa na kazi nyingine. Haikuwa kazi nyingine. Mtandao ule ulikuwa unauunda ulipopata barua yangu ya tarehe 3. "Inuka," nilikuandikia. "Usiniambie ngoja nimalizie hiki." Ulikuwa umebakiza kuukata tu, na mimi nikakuinua. Ulijua tangu Ijumaa, ukameza. Hukuniambia hata nilipokuwa nakupangia ya kufanya.

Nimefunga duka, nimekaa kwenye kiti cha wateja.

Kaka yako


Jumanne, 18 Machi

Mwanangu,

Anayechapa ni mdogo wako, anayesema ni mimi, na nimemkataza asiongeze la kwake. Amenisomea barua yako yote.

Walitujibu asubuhi. Jina lilikuwa bado limo. Daktari wa moyo alisema yeye anapasua moyo wa mtu, haangalii binti yake kakosea nini. Baada ya leo hatutakuwa watu wa hospitali hii tena, tutajua la kufanya. Mwalimu alimsukuma baba yako mpaka mlangoni mwa chumba cha upasuaji, na alipotoka alimkuta bado anamsubiri.

Kuhusu barua yako ile ya tarehe 3, mdogo wako ananiomba nikwambie neno moja tu, na hilo nimemruhusu: siku ile baba yenu alikula sahani nzima.

Ule ujumbe ni wa kweli. Nimeuangalia, kisha nikamwangalia yeye. Amefumbua macho muda si mrefu, akaniona, akauliza mbona nimekaa kwenye baridi bila sweta. Halafu akauliza suti yake iko wapi. Nimemwambia iko nyuma ya mlango, palepale. Akasema nisiikunje.

Ni yeye, mwanangu. Fungua duka.

Mama yako